Hakuna Aliyenibishia

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, 2006, saa nne na robo asubuhi, tulipotandika leso zetu kwenye nyasi nje ya ule ukuta wa Loresho. Nilikuwa kidato cha tatu. Mwaka huo ni mimi niliyepaswa kutaja nyumba, na tangu tutoke nyumbani Waithaka nilikuwa na woga. Unajua vile niko. Hata darasani nikiulizwa jina langu, nalinong'ona.

Ngoja nikueleze. Ndani ya ukuta huo, palipo sasa na majumba na mabwawa ya kuogelea, palikuwa kijiji chetu. Kiliteremka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, Mzungu aliamua kwamba upande ule wa bonde usibaki na Mwafrika hata mmoja. Askari wake walikuja alfajiri na petroli. Waliotoka walitoka na nguo za kulalia. Wengine hawakutoka, na dada mkubwa wa shosho, nyanya yangu, alikuwa mmoja wao. Baadaye kahawa ikapandwa juu ya majivu, halafu kahawa nayo ikang'olewa, yakajengwa majumba.

Waliobaki, pamoja na watoto wao, walizoea kukutana hapo kila Agosti. Nikiwa mdogo nilidhani ni sherehe tu. Tulijaa pikapu mbili. Mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, ulikuja umefunikwa kwa majani ya ndizi, bado moto, na chai ya sufuria kubwa yenye harufu ya moshi. Sisi watoto tulikimbizana mpaka mbwa wa ndani wakabweka. Halafu mtu mmoja alisimama akaanza kutaja nyumba, kutoka mtoni akipanda, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo wazee walipomrukia.

"Uongo! Umeruka kwa mwenye mizinga ya nyuki!"

"Wewe utajuaje, na ulikuwa unanyonya?"

"Nilikuwa nanyonya nikiangalia!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi, halafu wakagombana tena. Shangazi mmoja alikataa kumsalimia mwenzake hadi Krismasi kwa sababu ya ghala la mahindi ambalo moto ulilila kabla mama yangu hajazaliwa. Binamu wa chuo kikuu alipotaka kuandika yote, shosho alimkataza. "Karatasi haibishi," alimwambia. "Ukikosea, inanyamaza tu."

Mimi alinifundisha nikiwa bado shule ya msingi, jikoni Waithaka, tukipukuchua mahindi, redio ikiongea peke yake kwenye kabati. Nikikosea alinirushia punje. "Rudi mtoni!" Nami naanza upya. Lakini tulipofika kwa dada yake, alishusha sauti. "Huyu hakuacha mtoto. Hana hata picha. Yuko tu hapo tunapomtaja, basi."

Mwaka huo wa 2006 pikapu moja ilitosha, na nafasi ikabaki. Waliozaliwa kijijini walikuwa wawili tu: shosho, na mzee mmoja wa Kinoo aliyeshikwa mkono na mwanawe. Kabla hatujaanza, mlinzi wa geti alitujia.

"Shosho, hapa si mahali ya mkutano. Mdosi akitokea, mimi nitafutwa kazi."

"Tunakula tu, kijana. Shika kiazi."

Akashika kiazi, akarudi getini akitafuna.

Nikasimama. Nilianza kwa kunong'ona, halafu sauti ikakubali. Kwa mwenye mizinga. Kwa mama mapacha. Kwa yule aliyeuza chumvi. Nilipofika kwa mfua vyuma, nikasema kwamba mlango wa juu yake ulikuwa wa dada ya shosho. Mara nikashtuka. Juu yake, ama chini yake? Nikangoja kelele.

Ndani ya ukuta mashine ya kukata nyasi ilikuwa inanguruma. Mzee wa Kinoo alikuwa anatafuna polepole, macho kwenye sahani. Binamu zangu walikuwa kwa simu. Shosho alinitazama akitabasamu, vile mtu humtabasamia mtoto wa jirani akiimba kanisani. Mama akaninong'oneza, "Endelea, unafanya vizuri." Nikaendelea mpaka kileleni. Wakanipigia makofi. Miaka ile yote hakuna aliyewahi kupigiwa makofi pale.

Kijiji chenyewe sikukiona, kwa hivyo siwezi kukuambia kwamba nilikipoteza. Nilichokijua mimi ni zile kelele, vidole vikinyooshwa kuelekea ukutani, wazee wawili wakigombania kishamba cha maharagwe kana kwamba watarudi kukilima kesho. Siku ile nilitaka mtu anirushie hata punje moja. Tulikunja leso mapema, mukimo ukiwa umebaki nusu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kanisa, nilimpelekea shosho maji ya kunawa uso, nikaketi kitandani kwake. "Shosho, nisikize." Nikataja kutoka mtoni, nikamweka dada yake juu ya mfua vyuma.

"Ndiyo," akasema. "Hapo hapo."

Nikarudi mtoni, nikapanda tena, na mara hii nikamweka chini ya mfua vyuma. Nilisema polepole, nikimwangalia mdomo.

"Ndiyo, mwanangu. Hapo hapo." Akajipangusa uso, akaniuliza kama chai imeiva.

Nikaenda kuwasha stovu.