Fundi Aliyekataa Kutajiwa Bei

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya chai kazini, Al Garhoud, hapa Dubai, nilipigiwa simu kutoka Mombasa. Fundi wetu wa Al Quoz, yule mzee aliyetukagulia magari kabla hatujayanunua, amefariki. Mwanawe aliniambia alikula chakula cha mchana, akajinyoosha kitandani na hakuamka tena. Nilihuzunika, sikatai, lakini nilipokwisha kunywa ile chai nikajikuta natabasamu. Ameishi akashiba, amezikwa kwao Mombasa alikorejea uzeeni, na katika jiji hili simjui Mswahili mwenye gari kuukuu ambaye hakuwahi kukemewa naye.

Gereji yake ilikuwa ndogo, lakini Ijumaa alasiri ilijaa watu wa kwetu: mlinzi kutoka Kampala, muuza vitambaa kutoka Malindi, mhudumu wa hoteli kama mimi. Kila mmoja alikuja na tangazo la gari kwenye simu yake na swali lilelile, nilipe kiasi gani? Mzee alikuwa na mtindo wake. Alikataa katakata kutajiwa bei. "Ukinambia bei, macho yangu yataitafuta," alikuwa akisema. Alitaka gari lisiwashwe mpaka afike. Kwanza aliweka kiganja juu ya boneti, na akikuta ina joto aligeuka na kuondoka bila salamu, kwa kuwa aliyeipasha moto injini mapema ana jambo analificha. Ikiwa baridi, alisoma mwaka uliopigwa kwenye tairi, akanusa mazulia kama yaliwahi kulowa, akawasha kiyoyozi na kukaa ndani kimya robo saa nzima. Mwisho aliandika tarakimu moja kwenye kipande cha karatasi, akampa mnunuzi. Hapo ndipo ulipoweza kumuuliza mwenye gari anataka ngapi.

Mwaka ule tramu ya Dubai ilipokuwa bado inajengwa, mke wangu na binti yangu walipata viza ya kunifuata. Nilikuwa nimekusanya dirham elfu kumi na mbili. Nilitaka gari la kuwapokea uwanja wa ndege, na kitakachobaki kinunue friji na vitanda, kwa sababu chumba changu kilikuwa na godoro moja tu. Nikapata tangazo la gari la miaka kumi, mtaa wa Mirdif, lisilotaja bei. Muuzaji alikuwa dereva wa nyumbani, Mganda wa makamo, na tulimkuta nje ya geti, funguo mkononi. Mzee aligusa boneti, ikawa baridi. Akakagua weee, mpaka nikachoka kusimama juani. Karatasi aliyonipa iliandikwa elfu kumi na moja.

"Lina thamani ya kumi na mbili," alininong'oneza. "Nimetoa elfu ya tairi, zishapita umri. Haya, muulize."

Nikamuuliza. Yule dereva akatazama chini. "Bosi, madamu alinipatia hii gari kwa kazi ya miaka kumi na moja. Kesho kutwa naenda nyumbani. Nipe elfu nane, khalas, tumalize."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Elfu nane! Friji, vitanda, hata pazia. Nikatia mkono mfukoni. Mzee akanishika kiwiko, akanivuta pembeni.

"Weye uliniita nikwambie gari lastahiki ngapi. Nishakwambia."

"Lakini Ami, mwenyewe ndiye aliyetaja nane."

"Hiyo nane katajiwa na tiketi yake ya kesho kutwa, si gari. Mwanangu, pesa ni zako, mkono ni wako. Lakini ukimpa nane, usinilete tena kukagua kitu."

Nilisimama pale nikiwa na hasira ya kitoto. Ningejitetea kwa mengi: mke anakuja, chumba kitupu, na biashara ni maelewano. Mwishowe nilihesabu elfu kumi na moja, mkono ukiwa mzito. Dereva alizihesabu mara mbili, akanirudishia elfu tatu akidhani nimekosea. Nilipomwambia ni zake, alikaa kwenye ukingo wa barabara akafunika uso kwa viganja.

Katika jiji hili, ndugu msomaji, magari mengi kuukuu huuzwa na mtu anayefunga mizigo. Viza imekwisha, siku zinahesabika, na sisi tunaobaki tumezoea kunusa haraka ya anayeondoka na kuiita bahati yetu. Tunasimuliana kwa kujisifu, "Nimelipata kwa bei ya kutupa!" Hatuulizi nani kaitupa, wala alikuwa anakimbilia nini. Mzee alinifundisha kwamba gari likishakaguliwa lina bei yake, hata kama mwenyewe haijui.

Familia yangu ililala kwenye godoro moja mwezi mzima, na huo ndio mwezi tuliocheka kuliko yote. Gari lilitupeleka miaka sita. Lakini leo ninayoikumbuka zaidi ni aibu yangu. Baada ya siku ile nilimnunia mzee wiki mbili nzima, nikapita gerejini kwake bila kumwamkia, kwa kosa moja tu: alinizuia kumwibia mtu mchana kweupe, huku anayeibiwa akinishukuru.