Uzi Kutoka Bombei

Baba alifariki alfajiri ya Jumatano, na kaka yangu, mwanawe pekee wa kiume, alikuwa angani. Telegramu yake ilisema atapanda ndege Bombei Jumanne jioni. Baba alikuwa ameusia kwamba mwanawe ndiye ampokee kaburini.

"Wewe mwana wa shule," baba mdogo aliniuliza uani, "ndege yachukua muda gani?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nyumba nzima mimi peke yangu nilikuwa na kitabu cha ramani. Kuulizwa na mtu mzima siku kama ile kulinivimbisha kichwa, nakiri. Nilichukua uzi wa kushonea kofia, nikaunyoosha juu ya bahari kutoka Bombei hadi Dar es Salaam, kisha nikaulaza kwenye kipimo cha maili. Karibu maili elfu tatu. Mwalimu alitwambia ndege kubwa hukata maili mia mbili na hamsini kwa saa. Nikagawanya.

"Mwendo wa saa kumi na mbili, baba. Sasa hivi anashuka. Kwa gari, adhuhuri yuko hapa Dunda."

Wakaniamini. Baba alioshwa, akakafiniwa, tukangoja. Adhuhuri ikapita. Joto lilikuwa kali. Ubani uliongezwa mara ya pili, ya tatu, na kila mtu alijua kwa nini. Barazani mzee mmoja akasema kwa sauti, "Haraka haina baraka, ila kwa maiti."

Kila gari liliponguruma nilikimbilia dirishani. Lori la nazi. Lori jingine. Nilipima upya, na uzi ukatoa jibu lilelile, nikauchukia.

Baada ya alasiri baba mdogo alisema, "Basi, tumzike." Jeneza likatoka. Sisi wanawake tulibaki ndani, tukisikia sauti za wanaume zikififia kuelekea makaburini.

Kaka alifika Alhamisi adhuhuri, shati limemkunjamana. Kumbe ndege ile haikuvuka bahari moja kwa moja. Ilishuka Karachi, ikashuka Aden, na abiria wakalazwa Nairobi.

"Mlimzika saa ngapi?" aliuliza.

"Baada ya alasiri," mama akajibu.

"Tangu alfajiri? Kwa joto hili?" Macho yalimwiva. "Mimi ningekubali kumkosa. Nani aliyewaambia nitawahi?"

Nilifungua mdomo. Baba mdogo akanitangulia.

"Ni mimi, mwanangu. Nilikadiria vibaya."

Nikafunga mdomo. Niliona aibu, na nilishukuru, na kushukuru huko ndiko kunakoniuma zaidi.

Kaka hakumwamkia baba mdogo tena. Hata siku ya Idi alipita mlangoni pake bila shikamoo, nami kila mara nilijiambia nitasema kesho. Baba mdogo amekufa bila kunitaja kwa mtu. Kaka alikuwa Dar es Salaam tu, mwendo wa asubuhi moja, na hakuja kumzika.