Tonton Koti Hakupigana Tena

Sauti ya ngumi kwenye michezo ya video haifanani na ngumi. Ni kavu na safi, kama mtu anayevunja muwa kwenye goti, na nyuma yake kuna mwangwi mdogo unaomfurahisha mchezaji. Nimeisikia mara nyingi, maana siku hizi moja ya kazi zangu ni kucheza michezo hiyo na kuizungumzia kwenye redio ndogo ya vijana hapa Likasi: upi una hadithi nzuri, upi unachosha, upi unafaa watoto. Juzi nililetewa mwingine, wenye ngumi, hadithi ndefu na shughuli za pembeni zisizo na mwisho. Nikauwasha. Adui wa kwanza akapigwa, muwa ukavunjika, na mimi nikajikuta nimezima televisheni.

Kabla sijausema huo mpya, ngoja niwaambieni ule wa kwanza nilioujua. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Panda, kwenye zile nyumba za matofali za kambi ya zamani ya wafanyakazi, zilizopangwa mstari mmoja kiasi kwamba mgeni alibisha mlango wa jirani kabla ya kupata wetu. Baba alikuwa dereva wa lori na tulimwona kwa nadra. Mama alishona nguo nyumbani. Na chumba cha mbele kililala Mwansa, mtoto wa dada mkubwa wa mama, aliyekuja kwetu baada ya kumaliza shule kule Mulungwishi. Nilimwita yaya, yaani kaka, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu. Alikuwa mwembamba, mpole, anacheka kwa pua tu, na alikuwa na meza yake ya kutengeneza simu kwenye soko la Kikula.

Siku moja alirudi na mashine ya mchezo iliyokufa, aliyopewa na mtu aliyekata tamaa nayo. Aliifungua, akaisafisha kwa mswaki, ikafufuka. Lakini diski iliyokuwa ndani iligoma kutoka. Kwa hiyo hatukuwa na mchezo mwingine ila huo mmoja uliokwama humo.

Ulikuwa mchezo wa mji wa bandari ambako mvua haikomi kunyesha. Mtu mmoja aliyekuwa bondia zamani anarudi kumtafuta mdogo wake aliyepotea. Alivaa koti refu la mvua la manjano, nasi tukamwita Tonton Koti, yaani Mjomba Koti. Watu walisema kwa lugha tusiyoijua, chini yakapita maandishi ya Kifaransa, na yaya Mwansa akanisomea kwa Swahili yetu. Kila sura ya hadithi iliishia kwa kiongozi mmoja wa wahuni, mkubwa kuliko yule wa nyuma. Ngoma zilipoanza kulia nilijua anakuja, nikaingia chini ya meza ya mama na kuziba masikio. Kutoka huko niliona pazia, miguu ya cherehani na magoti ya yaya Mwansa yakirukaruka.

Ila mchezo haukuwa ngumi peke yake. Katikati ya balaa yote hiyo, Tonton Koti angeweza kwenda kuvua mikunga gatini, kupika supu kwenye kibanda cha mtu, kuimba baa, kushindanisha njiwa, au kukimbiza nguo za bibi kizee zilizopeperushwa na upepo. Yaya hakujali mambo hayo. Aliyaita kazi za wavivu. Yeye alitaka hadithi isonge mbele.

Mama alipita na nguo begani, akasimama kutazama, akauliza, "Sasa huyu muntu haiko na kazi? Kila siku ngumi tu. Na bibi yake iko wapi?"

"Tantine, anatafuta mudogo wake," yaya alimjibu mama yake mdogo bila kugeuka.

"Atamupata namna gani, na anapika kila muntu mwenye angemuonyesha njia?"

Neno kupika, kwetu, ndilo kupiga.

Kitu kimoja nilikiamini kuliko vyote. Juu ya skrini kulikuwa na mstari wa kijani uliokuwa uhai wa Tonton Koti. Akipigwa, mstari unapungua, unageuka mwekundu. Lakini hata akiwa magotini, akila mkate au bakuli la supu, mstari unajaa tena papo hapo. "Umeona?" yaya alisema kila mara. "Amekula, nguvu imerudi." Sikuichukua kuwa kanuni ya mchezo. Niliichukua kuwa kanuni ya dunia, kwa kuwa hata mama alituambia hivyo hivyo tulipougua.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, saa ya mchana. Mama alinifungia bukari, ugali wetu, na matembele kwenye bakuli la bati, akalifunika kwa sahani na kulifunga kwa kitambaa, nikampelekee yaya sokoni. Nilipokaribia nilisikia kelele. Kwanza nilidhani ni mpira, watu wamefunga goli. Halafu nikasikia neno.

"Muizi! Muizi!"

"Voleur! Bamukamate!"

"Njo yeye! Minye nilimuona na simu mu mukono!"

Watu walikimbia wakinipita, wengine wakicheka kama wanaokwenda arusi. Nilisukumwa mbele pamoja nao. Nikaona kiatu cha bluu kimelala kwenye vumbi peke yake, kiatu ambacho asubuhi ile nilikuwa nimekipiga brashi. Hapo ndipo nilipoelewa ni nani yuko katikati.

Wasomaji wangu, ngumi ya kweli haina sauti ya muwa. Inasikika kama mtu anayepiga godoro kutoa vumbi. Haina mwangwi. Katikati ya vishindo hivyo nilisikia sauti ya yaya, ndogo kabisa, ikikana, "Haiko minye. Haiko minye, jameni." Hakuna aliyemsikiliza. Hapakuwa hata na nafasi ya kumsikiliza, maana kila aliyefika nyuma alitaka naye afike mbele.

Niliogopa hadi nikajikojolea. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Sikufikiria ushujaa wowote. Nilitafuta mstari wake wa kijani juu ya vichwa vya watu, na kwa kuwa sikuuona, nilijua umekwisha au unakaribia kwisha. Na mimi nilikuwa na chakula mkononi.

Nikaingia katikati ya miguu. Mtoto wa miaka tisa anapita mahali ambapo mtu mzima hapiti. Nilikanyagwa, sahani ikaanguka, lakini bakuli sikuliachia. Nilipofika kwake alikuwa amejikunja, mikono kichwani, na uso wake haukuwa uso wake. Nikapiga magoti, nikamega bukari, nikamsukumia mdomoni.

"Kula, yaya! Kula mbio! Kula, nguvu itarudi!"

Hakuweza kufungua mdomo. Bukari ikabaki kwenye midomo yake, ikawa nyekundu. Nikamega nyingine. Nikaendelea kupiga kelele aile, nikimkasirikia kwa nini hali, wakati kula tu ndiko kulikobaki.

Juu yangu mtu alikuwa ameinua ubao. Namkumbuka vizuri, shati la mistari, pumzi zinampanda na kushuka. Ubao ukabaki hewani. Akauliza, si kwa ukali, kama mtu aliyeamshwa usingizini, "Huyu mutoto njo wa nani?"

Ndipo mama Zaina akapasua watu. Alikuwa jirani wa meza ya yaya, muuza vitenge, mwanamke Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka mashariki, mnene, asiyejua kunong'ona. "Ni dada yake!" alisema. "Mutamuua mbele ya dada yake? Haya, mupigeni na mimi. Nani anaanza?" Akavua kitenge cha mabegani, akamfunika yaya Mwansa pamoja na mimi. Chini ya kile kitambaa kulikuwa na giza jekundu na harufu ya damu na matembele. Nje, kelele ikapungua, ikawa minong'ono, kisha nyayo zinazoondoka. Nilingoja ngoma zipige, kiongozi wao aje. Hakuja.

Mama Zaina alisimamisha teksi, tukampeleka hospitali. Aliishi. Mbavu zilivunjika, na sikio la kushoto halikusikia tena. Simu ile iliyoibwa haikuonekana, wala hadi leo sijui nani aliichukua. Ilikuwa ya mtu aliyeiacha juu ya meza ya yaya dakika chache, akarudi, asiione.

Yaya aliporudi nyumbani, hofu ilirudi naye ikawa mpangaji. Hakutoka nje. Akisikia miguu ya wengi barabarani, aliingia chumba cha nyuma akakaa sakafuni. Mimi nilianza kuogopa magoli. Jirani zetu wakishangilia mpira, nilikuwa naanguka chini ya meza kabla ya kujua nimeanguka. Na mama akahamisha cherehani hadi mlangoni. Alisema hapo pana mwanga mzuri. Haikuwa kweli, mwanga mzuri ulikuwa dirishani, lakini cherehani ile ya chuma ilikuwa nzito, na mlango haukuweza kufunguliwa bila kuigonga kwanza.

Baada ya muda mrefu, alasiri moja, yaya alishika tena maneti, kile kidude cha vibonye cha kuchezea. Nilipotaka kukimbia aliniita nikae naye. "Kuya, Mado. Ikala hapa. Hatutapigana."

Kweli hatukupigana. Alama ya hadithi ilimeta kwenye ramani, ikituita, naye akaipa mgongo. Tonton Koti akaenda kuvua mikunga. Akapika supu. Akafukuzana na nguo za bibi kizee mpaka akazipata zote. Wahuni walipomzuia njiani, yaya alimgeuza, akampitisha uchochoroni, na mimi nikamshika yaya mkono nikisema, "Kimbia, kimbia." Wakati mwingine walimkamata. Hapo yaya alikuwa akiacha vidole vyake wazi juu ya vibonye, bila kubonyeza, anatazama tu mstari wa kijani ukipungua, kisha anaanza upya. Siku baada ya siku tukaujua mji ule kwa njia zake za nyuma. Mdogo wake Tonton Koti hatukumpata kamwe.

Nilidhani yaya amekuwa mvivu. Nilidhani pia labda sikio lake bovu limemfanya asahau jinsi ya kupigana. Sikujua kwamba mtu anaweza kujifunza kutembea barabarani akiwa amekaa kwenye kiti.

Kisha asubuhi moja akanyoa ndevu, akavaa shati, akamwambia mama, "Tantine, ile nguo ulishonea mama Zaina, nitaipeleka minye."

Mama alimtazama. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani ingawa hapakuwa na kitambaa. "Enda na Mado," alisema mwishowe, akasogeza cherehani kutoka mlangoni.

Tulitembea. Njia panda kulikuwa na vijana wamekaa juu ya ukuta, na yaya akakata kushoto, akapita nyuma ya nyumba, akatokea mbele zaidi. Mkono wake ndani ya wangu ulikuwa umelowa. Kikula ilikuwa kama kawaida: nyanya, unga, muziki, watu wakipatana bei. Pale yaya alipolala siku ile palikuwa na mtu anauza ndoo za plastiki.

"Karibu, mwanangu," mama Zaina alisema, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini. "Meza yako nimeipanguza vumbi."

Yaya alikuwa hajakaa vizuri mtu alipofika mbele yake. Nilimtambua kabla sijamwangalia uso. Shati lilikuwa lile lile la mistari. Mtu yule naye alimtambua yaya, hilo lilionekana, kwa kuwa macho yake yalitafuta mahali pa kutua yakakosa.

"Yambo," alisema.

"Yambo sana," yaya alijibu.

"Simu yangu haiingize moto, haichaji. Utaweza kuitazama?"

Nilingoja. Kwa mtoto aliyefundishwa na mchezo, hapa ndipo ngoma zinapolia. Huyu ndiye kiongozi, sasa atapigwa, na hofu yetu itaisha kama sura inavyoisha. Nilichokuja kukielewa nikiwa mtu mzima ndicho kinachonitisha hata leo kuliko ubao: siku ile hapakuwa na kiongozi. Walikuwa wauza nyanya, wasukuma toroli, wanunuzi, watu waliofunika kazi zao kwa dakika chache kisha wakarudi kuzifunua. Hakuna wa kumshinda ili yaishe. Kuna wa kuishi nao tu. Ndiyo maana, nikiulizwa redioni kuhusu mchezo wa ngumi wenye hadithi, nasema hadithi yake inaweza kuwa nzuri, lakini nitazame kwanza zile kazi za pembeni, nione kama mji wake unamruhusu mtu kupita bila kupiga.

Yaya Mwansa alinyoosha mkono, akaipokea simu ya mtu yule, akailaza kwenye kitambaa. Akachukua bisibisi ndogo. Mikono yake ilitetemeka vibaya mno hata skrubu ya kwanza ikamponyoka ikaingia vumbini, nami nikachutama kuitafuta kwa ncha za vidole. Nilifikiri mikono imesahau kazi. Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba ilikuwa hofu, yote, kutoka begani hadi kuchani, na kwamba alikuwa ameamua kuifungua simu ile hivyo hivyo.