Zaina, golikipa wetu, na chuma ambacho hakukiachia

Bado nakuachia nafasi kwenye benchi. Asubuhi hii nimesogea ukutani ili upite, nikangoja, mpaka darasa lote likanigeukia. Zaina, kichwa changu kinakataa. Kinakataa kabisa.

Kwa ambao hawakumjua: Zaina alikuwa rafiki yangu, jirani yangu hapa Rumonge, kando ya ziwa, na golikipa wa timu ya handiboli ya wasichana shuleni kwetu. Alikuwa na miaka kumi na minne. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuangukiwa na chuma kwenye sale, ile gym ya nyuma ya soko.

Watu wanaongea mengi. Mimi nilikuwepo, ndiyo maana naandika.

Mikono yake ilikuwa mirefu, na mdomo wake mrefu zaidi. Mimi ni beki. Aliwahi kunipigia kelele mbele ya shule nzima: "Weye! Unakimbia mupira kama iko na meno!" Hata refa alicheka.

Alianza kwenda sale tulipofungwa na wasichana wa Nyanza-Lac. "Mikono ilifika," aliniambia, macho mekundu. "Ilikosa nguvu tu."

Mama yake hakupenda. "Mutoto wa shule na chuma? Utabaki mufupi kama kinu!" Zaina alikuwa mlangoni, na bido, lile dumu la mafuta ya mawese, kichwani, analipeleka sokoni. Akajibu: "Na hii iko nini, mama? Mto wa kulalia?"

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Sasa hacheki. Hali chakula. Ukimsalimia anakutazama tu.

Vyuma vya sale ni mabomba yenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Wanaofanya mazoezi wengi ni wavuvi. Wavuvi wetu huvuta wavu kwa wimbo, na sheria ni kwamba hakuna anayeachia kabla wimbo haujaisha, kwa sababu ukiachia, uzito wako unamwangukia mwenzako. Sheria hiyo wameingia nayo kwenye sale. Ukinyanyua, wanakuimbia. Ukiachia mapema, wanakuita abiria.

Baba yake Zaina ndiye anayeanzisha wimbo kwenye mtumbwi wao. Zaina angekubali kuitwa jina lolote, siyo abiria.

Siku ile mwenye sale alikuwa ametoka nje kuongea kwa simu. Zaina alinyanyua chuma juu ya kichwa. Wakaanza kuimba na kupiga makofi, kwa furaha, bila ubaya wowote. Niliona viwiko vinatetemeka. Nikapiga kelele: "Achia! Zaina, achia!" Wimbo ulikuwa mkubwa kuliko mimi.

Angekitupa mbele, kingeanguka mchangani. Kwenye wavu ni kosa kuachia. Kwenye chuma hakuna mwenzako upande wa pili. Uko peke yako na saruji. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Aliniangalia. Alikishika mpaka kikarudi nyuma naye, kikampiga shingoni.

Hospitalini muuguzi aliniuliza: "Nani alikuwa anamsimamia?" Nikasema watu walikuwa wengi. Akasema, "Hapana, mwanangu. Nauliza mtu mzima wa kumwambia basi."

 

Sasa sale imefungwa, na wazazi wanataka tuache yote: gym, handiboli, hata kukimbia. Baba yangu amesema, "Weye kazi yako ni kitabu tu." Hawa, mdogo wake Zaina, aliyekuwa anaruka kamba nasi kila jioni, anakalishwa mlangoni kama mgonjwa. Na mabido ya mawese tunabeba vilevile. Hayo hakuna aliyeyakataza.

Jamani, nakiogopa kile chuma. Nikisikia kopo linaanguka, naruka pembeni. Lakini naogopa pia mlango ule anapokaa Hawa. Muuguzi alituambia mwili wa mtoto unahitaji mazoezi: kukimbia, kuruka, pushapu, hata uzito mdogo, kama yupo anayefundisha na kusimamisha. Basi nani? Nawauliza nyinyi mnaosoma hapa. Nani atasimama pembeni yetu?

Jana jioni timu ilikuwa imekaa uwanjani, bila mpira, hatuna la kufanya. Baba yake Zaina akaja, Hawa nyuma yake. Tangu mazishi hajaingia ziwani.

"Mbona mumekaa?"

"Tumekatazwa, baba. Hatuna wa kutusimamia."

Aligeukia njia aliyotokea. Nilidhani ataondoka. Akakaa kwenye jiwe, akasema, "Niko."

Hawa hakungoja. Alianza kuzunguka uwanja mbio, huku analia, kama anamfukuza mtu. Alipoanza kuyumba, baba yake akasimama, akatoa ile sauti ya mtumbwini: "Achia, mwanangu! Kaa chini. Kunywa maji."

"Sijamaliza!"

"Najua. Achia."

Hawa akatutazama, kuona kama tutamwita abiria. Hakuna aliyefungua mdomo. Akakaa. Baba yake akashusha kofia, akafunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Jumapili wazazi wanakutana shuleni. Sijui wataamua nini. Nitasimama, hata kama sauti itakatika, niwaombe wasitufungie uwanja. Watupe mtu mmoja tu wa kutuambia basi, na waliokomaa wabaki na saruji yao.

Zaina, golini hatujamweka mtu. Nimesimama pale mara moja nikanyoosha mikono. Haifiki popote, ungenicheka.

Umeshika vya kutosha, dada yangu. Wimbo umekwisha, hakuna atakayekuita abiria. Hawa tunaye sisi.

Achia sasa. Ulale.