Wazee Ambao Hawakufika Kikundini

Grasiana Yordani anasimama nje ya nyumba ya udongo kijijini Kwamsisi, wilayani Handeni, viatu vimejaa vumbi la safari ya pikipiki kutoka Mkata. Anapiga hodi. Anapiga tena, kwa sauti kubwa zaidi.

"Karibu! Nakuja, lakini mguu ndio unaonipangia mwendo," sauti inajibu kutoka ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Jana kaja Mwanaisha, leo wewe. Watu watadhani hapa pana arusi."

Huyo ni Sadala Mhina, mkulima wa muhogo aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita. Watoto wake wako Tanga na Dar es Salaam. Grasiana anaketi kwenye kigoda na kumuuliza jana alikula nini. Kisha anamuuliza alikula na nani. Kwa swali hili la pili anainama kidogo mbele, asipitwe na jibu.

Grasiana, mwenye umri wa miaka 43, ni ofisa ustawi wa jamii. Watoto waliotelekezwa, ndoa zilizovunjika, watu wenye ulemavu na wazee wasio na wa kuwatunza, wote ni wake. Kata anazozihudumia ni zaidi ya moja, na nauli za pikipiki mara nyingi hutoka mfukoni mwake.

Anaishi Mkata, katika chumba cha kupanga nyuma ya maduka ya barabarani. Mumewe anafanya kazi Mwanza, binti yao yuko shule ya bweni.

"Mabasi yanapita kutwa kucha," anasema. "Hakuna linaloshusha mtu wangu."

Miaka mitatu iliyopita alichaguliwa, pamoja na maofisa wenzake kadhaa, kuhudhuria mafunzo ya uongozi mjini Korogwe. Lengo lilikuwa kupata viongozi watakaofanya huduma za ustawi ziendeshwe kwa ushahidi, si kwa mazoea. Maana yake, ofisa asiseme huduma fulani inasaidia kabla hajaenda kuwauliza wanaoipata, na wale wasioipata.

"Mwalimu alituuliza, mnajuaje kama mnachofanya kinasaidia? Tukajibu kwa maneno mengi. Akauliza tena vilevile," anakumbuka Grasiana.

Rafiki yake mkubwa katika mafunzo hayo alikuwa Benedicto, ofisa mwenzake. Walirudi wakiwa na moto. Haukupita muda mrefu Benedicto akapata kazi katika shirika moja Dodoma.

"Nilikuwa na mtu wa kubishana naye," anasema Grasiana. "Siku hizi nabishana na nafsi yangu."

Baada ya mafunzo alianzisha kikundi cha wazee Kwamsisi. Kila Alhamisi walikutana kwenye ukumbi wa kijiji, wakanywa uji, wakapimwa shinikizo la damu, kisha ngoma ikapigwa. Alichagua wanakijiji wachache awafundishe kukiongoza. Mmoja wao ni Mwanaisha Adamu, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache.

Ukumbi ulijaa. Picha zikasambaa kwenye simu za wakubwa. Ikasemwa kwamba wageni kutoka mkoani watakuja kuona, na kwamba kata nyingine ziige. Grasiana anakiri kwamba hajawahi kusifiwa kazini kama kipindi kile.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya msimu wa mvua. Kikundi kilipomaliza, Mwanaisha alikuwa akirudi nyumbani aliposikia mbuzi analia kwa Mzee Sadala. Mbuzi alikuwa bado amefungwa palepale alipokuwa juzi yake, majani yote kayamaliza. Mwanaisha akapiga hodi, hakujibiwa, akasukuma mlango.

Mzee alikuwa sakafuni, mguu umevunjika. Alikuwa ameteleza Jumanne.

"Niliita mpaka sauti ikaisha," anasimulia Mzee Sadala. "Halafu nikasikia ngoma. Ndipo nikajua leo Alhamisi. Wazee wenzangu wanacheza, mimi nimelala chini nawasikia."

Alipelekwa hospitali. Akapona, ingawa mguu haukurudi ulivyokuwa.

Wiki iliyofuata Mwanaisha alipanda pikipiki hadi Mkata, akamkuta Grasiana ofisini.

"Dada Grasiana, nina jambo, na sijui nilisemeje."

"Sema tu, mdogo wangu."

"Wanaokuja kikundini ni wale wanaoletwa na wajukuu. Asiye na wa kumleta haji. Mzee Sadala hajaja hata siku moja, na hakuna aliyeuliza."

"Mbona wengi wanafurahi?"

"Wanafurahi, dada. Lakini hao hata kwao walikuwa wanafurahi."

Grasiana hafichi kwamba alikasirika. "Nilimmiminia chai. Moyoni nilisema, huyu nimemfundisha mimi, leo ananiambia hivi?" Mwanaisha alikunywa chai yake, akaaga.

Usingizi haukumjia Grasiana vizuri siku zile. Mwishowe akampigia Mwanaisha simu, akamwomba wapite pamoja nyumba kwa nyumba.

Walichokikuta hakikuwa na pa kujifichia. Wengi wa wazee wanaoishi peke yao hawakuwahi kukanyaga ukumbini. Wengine miguu haikuruhusu. Wengine waliona haya. Bibi Maryamu, anayeishi ukingoni mwa kijiji, aliwaambia mlangoni, bila kuwakaribisha ndani, kwamba hana kanga ya kukaa nayo mbele za watu.

"Kikundi nilikianzisha kwa ajili ya upweke," anasema Grasiana. "Kumbe wapweke ndio waliobaki nyumbani."

Wakati huo maandalizi ya kuwapokea wageni yalikuwa yameshaanza. Angeweza kunyamaza. Ukumbi ungejaa, ngoma ingelia, wageni wangeondoka wameridhika. Badala yake alisimama kwenye kikao cha wilaya na kueleza kwamba huduma inayosifiwa haiwafikii waliokusudiwa, na kwamba anaomba kuibadilisha.

"Hakuna aliyenipinga. Afadhali wangenipinga," anasema. "Watu walitazama simu zao."

Nje, mwenzake mmoja wa kazi alimvuta pembeni. "Mama, wewe umeona wapi mtu anamwaga uji wake mwenyewe?"

Safari ya wageni ikafutwa. Wiki zilizofuata simu yake haikulia kama zamani. Wenzake walipokwenda kunywa chai ya saa nne walisahau kumpitia, na baadaye hata yeye akaacha kuwasubiri.

Lakini hilo, anasema, halikumuuma kama siku aliyokwenda Kwamsisi kuwaeleza wazee wa kikundi kwamba uji na ngoma havitakuwepo tena kwa gharama ya ofisi, kwa sababu fedha hizo zinahitajika kuwafikia wanaobaki nyumbani. Mzee mmoja, Habakuki, aliyekuwa hakosi hata Alhamisi moja, ndiye aliyeuliza.

"Mwanangu, tumekukosea nini?"

Grasiana alianza kumweleza habari za wazee waliobaki majumbani. Maelezo yakamkatikia njiani. Alilia kwenye pikipiki mpaka Mkata, na dereva, kwa heshima, hakugeuka nyuma.

Wazee hao bado wanakutana. Sukari na majani ya chai wanachanga wenyewe. Grasiana akipita, wanamsalimia vizuri, lakini hawamwambii akae.

Kilichochukua nafasi ya uji na ngoma ni hodi tu. Majirani waliojitolea wamegawana nyumba za wazee wanaoishi peke yao, na kila mmoja anafika kwenye nyumba zake mara kadhaa kwa wiki. Anayewaongoza ni Mwanaisha. Kila baada ya miezi michache yeye na Grasiana wanapita tena kuwauliza wazee kama hodi hiyo inasaidia.

Majibu si matamu yote. Bibi mmoja alikutwa na homa kali siku ileile ilipoanza, akawahishwa zahanati. Mzee mwingine alisema anayemtembelea anazungumza mno. Bibi Maryamu aliwafukuza wageni wake wawili wa mwanzo, na wa tatu anamruhusu kufika uani tu.

"Tumemwacha afike uani," anasema Mwanaisha. "Hicho ndicho anachotaka yeye, si tunachotaka sisi."

Grasiana anamtazama akisema hivyo, kisha anatazama pembeni. Anasema kati ya yote aliyoyafanya tangu mafunzo, Mwanaisha ndiye anayemwonea fahari, na kwamba ilimchukua muda kuweza kulitamka hilo bila maumivu.

Sasa habari imevuka mpaka wa wilaya. Fransisko, ofisa wa ustawi anayehudumia Magoma, wilayani Korogwe, amewaomba wakawafundishe majirani wa huko. Kazi itaanza baada ya mavuno ya mahindi. Mwanaisha ndiye atakayefundisha. Grasiana amesema atakaa nyuma.

Magoma ni kwao. Babu yake alifika Korogwe kukata mkonge, akazaa, akazikwa hukohuko. Mama yake, Josefina, bado anaishi katika nyumba ya familia, peke yake tangu baba alipofariki. Grasiana hupiga simu kila Jumapili, na hufika nyumbani Krismasi, mwaka ukiwa mzuri na Pasaka pia.

Fransisko alipomwomba majina ya wazee wa kuanza nao, alilitaja la mama yake. Kisha akaomba jambo moja: mama yake aulizwe na mtu mwingine, na yeye asiwepo chumbani.

"Kwa nini?" Fransisko alimuuliza.

"Kwa sababu nataka kujua anaishije," alijibu Grasiana. "Mimi nikimuuliza, ataniambia hajambo."