Bibi Wawili Kwenye Ufukwe wa Mawe

Mwanamkuu binti Shomari ameuza madera Mtaa wa Kongo tangu enzi ambazo meza yake ilikuwa turubai lililotandikwa chini. Pale Kariakoo anajulikana kwa mambo mawili: madera yake hayachuji rangi, na yeye mwenyewe hasogezwi. Kuna siku mgambo walibeba meza zote za upande ule wakaiacha ya kwake. Hawakumhurumia. Alikuwa amekaa juu yake na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumgusa. Candida, anayeuza nguo za ndani meza ya pili, huwaonya wateja wageni: "Kwa yule mama anza na salamu. Ukianza na bei, umelikoroga."

Mumewe alimwacha mapema, akaenda kuoa Lindi na hakurudi tena. Akabaki na binti mmoja, Najma. Akamsomesha kwa madera hayo hayo mpaka binti akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Kivukoni. Huko ndiko Najma alikokutana na fundi wa winchi za bandarini, kijana wa Kroeshia aliyekuja kwa mkataba.

"Anaitwa nani?" Mwanamkuu aliuliza siku aliyoambiwa.

"Mate, mama."

"Nani?"

"Mate. Ni jina la kwao."

Mwanamkuu akageuka, akatema chini mbele ya wateja. "Kama haya?"

Mate alisilimu, akatoa mahari bila kubishana, na ndoa ikafungwa Buguruni nyumbani kwa Haruna, mdogo wake Mwanamkuu. Mama alimtafuta kosa kijana yule asilipate, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mkataba ulipokwisha, Mate akaondoka na mkewe kwenda kwao. Mwanamkuu hakwenda uwanja wa ndege. Alifungua biashara kama kawaida, na siku hiyo wateja wake walikiona cha moto.

Najma alipojifungua mtoto wa kiume alipiga simu. "Mama, njoo unilee arobaini. Mate atashughulikia kila kitu."

Akaenda. Mizigo yake ilikuwa imejaa pilipili manga, tangawizi kavu, ubani na khanga za kumfunga mzazi tumbo. Njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kumwona mwanawe. Kumbe anakwenda vitani.

Nyumba ilikuwa ya mawe, imejengwa juu ya mteremko, na chini yake palikuwa na bahari wanayoiita Adriatiki. Mwenye nyumba alikuwa Nevenka, mama yake Mate, mjane mrefu mkavu aliyepangisha vyumba vya chini kwa watalii. Alimpa Mwanamkuu mkono, akasema maneno mengi bila kutabasamu.

"Amesema nini?" Mwanamkuu akauliza.

"Amesema karibu," Najma akajibu.

"Maneno yote yale, karibu tu?"

Siku ya pili Mwanamkuu alipika uji wa pilipili manga, akauacha jikoni upoe. Aliporudi alikuta Nevenka ameumwaga na anasugua sufuria. Najma akaeleza kwamba mama mkwe alidhani umeharibika. Mwanamkuu akapika mwingine, na safari hii akasimama kando ya sufuria, mikono kiunoni, mpaka mzazi alipoumaliza wote. Alipofukiza ubani, Nevenka alifungua madirisha yote. Mwanamkuu akayafunga. Nevenka akayafungua tena. Kutwa nzima madirisha yalikuwa yakipigwa, na Najma kitandani akiwa na mtoto kifuani anawaambia kwa lugha mbili, "Basi jamani, basi."

Hata jina la mtoto halikusalimika. Wazazi walimwita Lukmani. Nevenka akamwita Luka. Kila alipolisikia jina hilo, Mwanamkuu alijibu kwa sauti ya juu kutoka chumba alichokuwamo, "Lukmani!"

Mate, kwa nia njema, akaona mkwewe apunge upepo. Akampeleka ufukweni chini ya nyumba. Palikuwa na ngazi za mawe kupitia kwenye misonobari, kisha ghafla unatokea kwenye kighuba kidogo kilichokumbatiwa na miamba myeupe. Mchanga hakuna, hata punje. Ni vijiwe vya mviringo, vyeupe na vya kijivu, vilivyolainishwa na maji mpaka vinang'aa, na kila wimbi likirudi vinagongana kwa sauti ya karanga zinazomiminwa kwenye ungo. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba samaki wadogo walionekana pamoja na vivuli vyao. Hata adui asingekana kwamba pale ni pazuri. Mwanamkuu alikuwa adui, na hakukana. Alisema tu, "Uzuri wote huu na mtu hana pa kukanyaga."

Mate akamletea viatu vya mpira, wenyeji huvaa hivyo wakiingia majini.

"Mimi nimezaliwa pwani," Mwanamkuu akamwambia. "Wewe ndiye utanifundisha bahari?" Akabaki na malapa yake.

Kivulini palikuwa pamejaa taulo zilizotandikwa bila watu. Mwanamkuu aliuliza za nani, Mate akamweleza kwamba watu huziweka asubuhi kushika nafasi, kisha hurudi kwao kunywa kahawa. Kwa mwanamke wa Mtaa wa Kongo huo ulikuwa ugomvi anaoujua kuliko anavyojua jina lake. Nafasi ni ya aliyekaa. Akakunja taulo moja vizuri, akaiweka juu ya mwamba, akaketi. Mwenyewe alipokuja, mzee mmoja mwenye kitambi, alianza kufoka. Mwanamkuu naye akafoka kwa Kiswahili, bila hata kuinuka, akimtajia kaburi la babu yake na ukoo wake wote. Mzee aliondoka. Jioni Nevenka alikuwa amekwisha pata habari. Mzee yule ni jirani yake, wamesalimiana miaka na miaka. Nevenka alichukua sahani ya Mwanamkuu mezani kabla hajamaliza kula, akaenda kuiosha.

Tangu siku hiyo hawakukaa tena meza moja.

Sasa Nevenka naye alikuwa na mila yake. Katika nyumba ile kila mtoto huteremshwa ufukweni na bibi yake kabla upepo wa baridi haujaanza, miguu yake ikachovywa baharini. Mate alichovywa, na baba yake vilevile. Mwanamkuu alipodokezwa hilo alicheka kwa hasira. "Mzazi na mtoto hawatoki nje kabla ya arobaini. Na baharini ndiyo kabisa. Mwambie."

Najma alimwambia, lakini kwa namna yake, na mwishowe akachoka. Asubuhi moja Mwanamkuu aliamka akakuta nyumba kimya. Kitanda cha Najma kitupu. Kitanda cha mtoto kitupu. Akaenda dirishani na kuwaona chini kule: Mate na simu anapiga picha, Najma amejifunika mtandio, na Nevenka ndani ya maji mpaka magotini, amembeba mtoto.

Walikuwa wamevizia bado amelala ndipo wakashuka. Hilo lilimchoma kuliko lile la arobaini.

Akashuka ngazi na dera lake la kulalia. Mzee wa taulo alikuwapo, na watu wengine wawili watatu. Hakumwona yeyote. Aliingia majini na malapa yake, akamfikia Nevenka, akanyoosha mikono.

"Lete mtoto!"

Nevenka akamkumbatia mtoto kifuani na kukataa kwa lugha yake, neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Nimesema lete!" Akamshika mtoto chini ya makwapa, akavuta.

"Mama!" Najma akapiga kelele kutoka ufukweni. "Mama, mwache!"

Mtoto akalia. Nevenka alipoona kwamba mwenzake hataacha, na kwamba wakiendelea kuvutana watamvunja, akaachia yeye. Mwanamkuu akageuka na ushindi wake mikononi. Akapiga hatua moja, ya pili vijiwe vikateleza chini ya malapa kama maharage, na akaanguka kifudifudi. Mtoto alikuwa chini yake.

Aliyemtoa ni Nevenka. Alimsukuma Mwanamkuu kwa bega, akapenyeza mkono, akamwinua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake na kumgonga mgongoni. Maji yakamtoka mdomoni. Kukawa kimya, kisha mtoto akalia kilio kirefu, na Najma, aliyekuwa amekwisha ingia majini na nguo zake zote, akaanza kulia naye.

Wakakimbilia ngazi kwenda kutafuta gari la hospitali. Mwanamkuu alibaki ameketi majini, dera likielea pembeni yake. Mzee wa taulo akamjia, akampa mkono ainuke. Mwanamkuu akaupiga ule mkono.

Mtoto alikuwa mzima. Daktari alimwangalia akamruhusu. Jioni Najma aliingia chumbani kwa mama yake na hakukaa.

"Mama, Mate amekubadilishia tiketi. Unaondoka keshokutwa."

"Unanifukuza?"

"Nakurudisha nyumbani."

"Kwa ajili ya yule mwanamke. Aliyekuibia mtoto wako akamtia kwenye maji ya barafu."

"Mimi ndiye nilimpa ampeleke," Najma akasema. "Na tangu tumerudi hospitali hujauliza hali ya mtoto."

"Nilimsikia akilia. Anayelia mzima."

Najma akatoka, akaufunga mlango taratibu. Siku ya safari hakushuka kumuaga. Nevenka ndiye aliyesimama kwenye geti, mikono kifuani, na akalifunga kabla Mate hajawasha gari.

Kariakoo Mwanamkuu alirudi na hadithi nyingine. Wazungu, alisema, wana mila ya kutumbukiza watoto baharini. Mtoto alimponyoka bibi wa kizungu majini, na kama si yeye kujitosa, leo tungekuwa tunasoma hitima. Alimsimulia Haruna, akawasimulia wateja, akamsimulia Candida mara nyingi mpaka Candida akawa anaweza kumsaidia kuisimulia.

Mwezi mmoja baadaye Najma alipiga simu, ya kwanza tangu siku ile. Mwanamkuu kwa kujidai akaweka sauti ya nje ili mtaa usikie kwamba binti yake yuko Ulaya na anampigia.

"Mama, shikamoo. Umemwambia mjomba Haruna kwamba mama mkwe ndiye aliyemwangusha mtoto?"

Mwanamkuu alitafuta kitufe cha kuzima sauti ya nje. Vidole havikukiona.

"Wewe ndiye ulianguka naye, mama. Yeye alimtoa. Nakuomba usimsingizie tena, mimi naishi nyumbani kwake."

Mteja aliyekuwa anajaribu dera akalivua polepole. Candida aliinamisha kichwa akapanga sidiria ambazo zilikuwa zimekwisha pangwa, na labda angenyamaza yakaisha. Lakini akasema kwa upole, "Pole, mama Najma. Mungu amesaidia."

"Pole ya nini? Nani kakuita kwenye maneno yangu?"

Kuanzia siku hiyo hawakusemezana. Mwanamkuu alifunga kipande cha turubai kati ya meza mbili zile, akavumilia joto kuliko kuonana na shahidi wake.

Mwaka uliofuata Najma alikuja Dar. Alifikia Buguruni kwa mjomba wake, na ilipita siku kadhaa kabla hajaonekana Kariakoo. Alikuja mchana, mtoto mgongoni kwenye khanga. Alianza kumsalimia Candida, kisha akazunguka turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hawakukumbatiana. Mtoto alikuwa amenona, nywele za dhahabu zilizojisokota, na alimkazia macho mwanamke yule kama anayemkagua. Mwanamkuu alifuta mikono yake kwenye dera, mbele na nyuma. Waliokuwapo wanasema hawajawahi kumsikia akiuliza jambo kwa sauti ile.

"Nimbebe?"

Najma akaivuta khanga ikakaza kifuani. "Bado, mama."

Mwanamkuu akatikisa kichwa, hakuna aliyejua ni kwa kukubali au kwa hasira. Mbele ya meza alikuwa amesimama mteja, ameshika ncha ya dera la zambarau.

"Na wewe," akamgeukia, "unanunua au unapapasa?"