Nilinyamazia Kilo Mbili, Mdogo Wangu Akapoteza Safari ya Maputo

Admin, nifiche vizuri, hata herufi ya kwanza ya jina langu usiiweke. Huku kwetu wananijua, na si kwa sababu ya sura tu. Nina miaka kumi na nane, naishi Quitunda, kijiji cha karibu na Palma huku kaskazini mwa Msumbiji, na mama yangu. Shule niliachia darasa la nane: hesabu ilinikataa, na mimi nikaikataa, tukaachana kwa amani. Lakini nipe kitu chenye usukani, utanisalimia kwa heshima.

Mwaka jana wafadhili walileta Palma karti nne, yale magari madogo ya mashindano yasiyo na paa wala mlango, unakaa makalio karibu yaguse chini. Fundi mmoja, tunamwita Mestre, akapewa kazi ya kutufundisha vijana kwenye uwanja wa saruji uliokuwa wa makontena. Siku ya kwanza nilikwenda na miwani ya jua. Nilikwenda pia na Amade (si jina lake), mtoto wa mama yangu mdogo, miaka kumi na sita. Alitufikia peke yake kutoka Mocímboa wakati wa vita, na tangu hapo anaishi kwetu, ananiita kaka.

Sidanganyi: kwa mdomo, bingwa ni mimi. Kwa kazi, ni Amade. Mimi nafika saa nne, yeye yuko pale tangu saa kumi na mbili, ameshasafisha mnyororo, ameshapima upepo wa matairi, anauzunguka uwanja kwa miguu akihesabu hatua mpaka mahali pa kukanyaga breki. Namwambia, "Wewe, unapima shamba?" Anacheka. "Kaka, kona ya tatu ukichelewa kukanyaga inakutupa." Nikamjibu kona ndiyo inayoniogopa mimi.

Ikaja habari: atakayeshinda mbio za mwisho atapelekwa Maputo miezi sita, kwenye uwanja wa kweli, afundishwe mbio na ufundi wa mota. Nafasi moja tu.

Sasa kuna sheria, isikilizeni. Mbio zikiisha, dereva na karti yake wanapandishwa pamoja kwenye mizani. Mkipungua uzito uliowekwa, matokeo yanafutwa, hata kama umeshinda kwa uwanja mzima. Amade ni mwembamba kama fito, kwa hiyo anafungiwa chubwi chini ya kiti, zile risasi za kuzamishia nyavu, mpaka uzito utimie. Na mbio ziliangukia baada ya Idi, mwenzangu anafunga sita za Shawali. Mimi pia nilitangaza nafunga. Uongo mtupu! Nilikuwa nakula kobe, mchana najificha nyuma ya karakana ya Mestre pale uwanjani na biskuti na soda. Yeye anakonda kwa ibada, mimi nanenepa kwa unafiki.

Ijumaa, kesho yake ndiyo mbio, Mestre alitupima. Alipomaliza kupiga hesabu zake, Amade ameshakwenda msikitini. Mimi nilibaki, nilisema tumbo linauma. Mestre akaniambia, "Mdogo wako amepungua kilo mbili. Mwambie aongeze chubwi mbili za kilo moja moja chini ya kiti, nimemwekea kwenye ndoo. Kesho mimi nashika bendera, siruhusiwi kugusa karti ya mtu."

"Sawa, Mestre."

Magharibi tunafuturu, Amade akaniuliza, "Mestre kasemaje?"

Nilikuwa na tambi mdomoni. "Kasema ulale mapema."

Wallahi sikupanga. Nilisema nikimeza nitamwambia. Nikameza, sikumwambia. Asubuhi ndoo niliiona, nikaipita.

Alitushinda wote vibaya. Mimi nikawa wa pili, na kona ya tatu ilinitupa kweli. Wakampandisha kwenye mizani na karti yake: kilo mbili pungufu. Matokeo yake yakafutwa, ushindi ukaja kwangu. Mestre akanijia mbio, bendera bado mkononi. "Hukumwambia?"

Mimi huyu, mwenye mdomo, nikasema, "Nilimwambia, Mestre."

Amade akaniangalia. Niliona anaelewa, pale pale. Kisha akainamisha kichwa. "Aliniambia. Nimesahau mimi."

Mestre akamwambia, "Leo umesahau uzito wako, kesho utasahau kukaza nati ya tairi la mwenzako, umuue. Karakanani kwangu usirudi."

Mama akapika pilau, majirani wakaja kunipongeza, na aliyekuwa anagawa sahani ni Amade. Siku ya tatu nikamfuata nyuma ya nyumba, anafua. "Mbona hukukanusha?"

Hakuacha kukamua nguo. "Kaka, nyumba ni ya mama yako. Nikuumbue mbele za watu, halafu jioni nirudi kula wapi?"

Hakusema kwa hasira. Angenipiga ningepona.

Mpaka leo anaamka alfajiri kama zamani, anavaa viatu, anakaa mlangoni. Hana pa kwenda.

Jina langu linapelekwa Ijumaa, safari Jumatatu. Nikisema kweli, nafasi haimrudii Amade, uzito ni uzito; mimi nitaondolewa, atapewa wa tatu, na mama yangu hatakuwa na pa kuficha uso. Lakini Amade atarudi karakanani. Nikinyamaza, miezi sita nitakalia kiti chake. Nafsi inaniambia, nenda, ukifanikiwa utamvuta. Mimi najijua. Sentensi moja tu ilinishinda, miezi sita nitaiweza?

Nitukaneni kwanza, nastahili, ila mama yangu msimguse. Mkimaliza, nijibuni kweli: niende kwa Mestre nikaseme, au nipande ndege na mdomo wangu? Mwenzenu nifanyeje? Leo Jumatano, na Amade yuko chumba cha pili ananipigia pasi mashati ya safari.